Njia ya Mabasi Isiguswe



Liko neno linalosemwa sana mjini Dar es Salaam, nalo limekwisha kufika mpaka kwetu vijijini, kwa maana kila arudiye kutoka mjini hulileta pamoja na mzigo wake. Watu wasema: "Mabasi ya mwendokasi yameshindwa. Njia yao ya katikati ya barabara yalala tupu, na motokaa zimebanana pande zote mbili. Afadhali ifunguliwe, magari yote yapite, foleni iishe." Nalilisikia kwa mkulima, nikalisikia kwa mwenye duka, na mwezi uliopita nalilisikia kwa mwalimu mwenzangu, tena mtu afundishaye hesabu. Hapo ndipo nilipoona haifai kunyamaza.

Nasema wazi tangu mwanzo: neno hilo ni kosa. Njia ile haikushindwa. Lililoshindwa ni jambo jingine, nami nitalitaja bila kificho, lakini sitaki tuvunje chungu kwa sababu mchuzi umechacha.

Labda msomaji ataniuliza: sisi tukaao mashambani tuna shauri gani na foleni za mjini? Tuna shauri kubwa. Tangu mwaka 2021 mabasi ya bara hayaendi tena Ubungo. Hukoma Mbezi, katika kituo kikubwa kilichopewa jina la Rais Magufuli. Mtu atokaye Dodoma au Iringa au Moshi, ampelekaye mama yake hospitali ya Muhimbili, hushushwa pale, na kati ya mji bado i mbali, kama kilometa 20. Tangu hapo yumo mikononi mwa mabasi ya mjini. Yakija, amefika. Yasipokuja, mgonjwa ataketi juu ya mzigo wake juani. Tena fedha zilizoijenga njia ile zilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa taifa zima, na mkopo hulipwa na wote, hata na yule auzaye mahindi debe mojamoja. Basi mkulima asiambiwe kwamba haya si yake.

Na tuangalie kwanza mji wenyewe. Katika hesabu ya mwaka 2012 watu wa Dar es Salaam walikuwa 4,364,541. Mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Kwa miaka kumi wameongezeka zaidi ya milioni moja, na barabara kubwa ziingiazo kati ya mji ni zilezile nne: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere na ya Kilwa. Wala mji hauwezi kupanuka upande wa mashariki, kwa kuwa huko ni bahari.

Zamani kazi ya kuchukua watu ilikuwa ya shirika moja, UDA, lililoanzishwa mwaka 1974. Lilikuwa na mabasi makubwa, hata yale marefu ya Ikarus yaliyotoka Hungaria, yenye kiungo katikati. Kisha fedha za kigeni zikapungua, vipuri vikakosekana, basi likiharibika huegeshwa uani, na baada ya siku chache hung'olewa vyuma vyake ili vimponye mwenzake. Wasomaji wawekeni moyoni habari hiyo, maana nitairudia. Mwaka 1983 serikali ikawapa ruhusa wenye magari yao wachukue abiria, ndipo zikaenea daladala, zilizopata jina lao kwa dala, yaani shilingi tano ya nauli.

Sitaki kuzitukana daladala. Zimewalea watu wengi, na zimefika mahali ambapo serikali haikufika. Lakini kosa lao ni la mpango, si la mtu. Dereva hana mshahara wa kutegemea. Sharti jioni ampelekee mwenye gari hesabu yake, na kinachobaki ndicho chake na konda wake. Kwa hiyo asubuhi hangoji saa, hungoja watu. Gari lisipojaa haliondoki, na likiondoka hukimbizana na mwenziwe, kisha husimama popote aonapo mkono ulioinuliwa. Dereva mmoja akifanya hivyo hana hatia kubwa, ana watoto wa kulisha. Walakini maelfu wakifanya hivyo katika barabara moja, barabara hufa.

Njia ya mwendokasi ilifikiriwa ili kuondoa kosa hilo. Wazo hili halikuzaliwa kwetu. Mji wa Curitiba, katika Brazili, ulianza kuyapa mabasi njia zake yenyewe mwaka 1974, zamani za meya Jaime Lerner, aliyekuwa mchora ramani za majengo. Na Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ukafuata mwaka 2000. Huko Bogotá njia hizo zimeweza kupitisha zaidi ya watu 40,000 kwa saa upande mmoja, kazi ambayo wengi walidhani haiwezi kufanywa ila na treni. Kwetu ujenzi ulianza mwaka 2012, na mwezi wa Mei 2016 mabasi yakaanza kwenda kutoka Kimara mpaka Kivukoni, na matawi mawili, moja la Morocco na moja la Gerezani, Kariakoo. Jumla ni kama kilometa 21.

Tazameni jinsi ilivyofanywa, maana wengi huipanda wasiione. Nauli hulipwa kituoni kabla basi halijafika, si ndani kwa konda. Sakafu ya kituo imeinuliwa hata ikalingana na sakafu ya basi, na kwa hiyo mzee mwenye fimbo, na mama mwenye mtoto mgongoni, na mtu wa kiti cha magurudumu, wote huingia pasipo kupanda ngazi. Milango ni mingi, tena mipana. Mambo haya yaonekana kuwa madogo. Lakini mwalimu mwenzangu wa hesabu na achukue kalamu. Ikiwa kila abiria, kwa kupanda ngazi na kutafuta chenji, hutumia sekunde 5 tu, abiria 20 watalisimamisha basi sekunde 100. Vituo vikiwa 20, ni sekunde 2,000, nazo ni zaidi ya nusu saa iliyopotea kabla hatujahesabu foleni hata kidogo. Nusu saa hiyo imeokolewa na fundi aliyeinua sakafu. Ndiyo maana safari ya Kimara mpaka Kivukoni, iliyokuwa ikila saa mbili asubuhi, ilipata kuwa ya dakika 45 hivi mabasi yalipoanza. Mwaka 2018 mji wetu ulipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri, na hakuna mji wa Afrika uliokuwa umeipata kabla yake.

Sasa nirudi kwa hao wasemao njia ifunguliwe.

Basi refu la mwendokasi lina mita 18, nalo huchukua watu kama 150. Watie watu hao 150 katika motokaa, wawili wawili (nami nawafanyia wema, kwa kuwa motokaa nyingi za asubuhi zina mtu mmoja), utapata motokaa 75. Kila moja, pamoja na nafasi iliyo mbele yake, yataka mita 7 hata ikiwa imesimama. Saba mara sabini na tano ni mita 525. Basi watu walewale walioketi na kusimama ndani ya mita 18, leo wataka zaidi ya nusu ya kilometa. Je, kuna mwanafunzi wa darasa la nne atakayeshindwa kuona lililo afadhali? Njia ya mabasi huonekana tupu kwa sababu hufanya kazi yake upesi. Mto uendao kwa nguvu hauonyeshi maji mengi; dimbwi lililosimama ndilo huonekana limejaa.

Na ukiifungua leo, motokaa zitaijaza kabla ya mwezi kwisha. Wale waliokuwa wakiacha motokaa nyumbani kwa kuogopa foleni watazitoa. Waliokuwa wakipanda basi wataona basi nalo limenaswa katika foleni, nao watatafuta motokaa au pikipiki. Kisha zitakuwa njia tatu zilizofungwa mahali pa mbili. Mfano upo kwa jirani. Nairobi waliipanua barabara ya Thika ikawa kubwa mno, wakaimaliza mwaka 2012. Mwaka 2022 wakafungua barabara ya juu kwa juu ya kilometa 27, kutoka Mlolongo mpaka Westlands, ya kulipia. Ni kazi nzuri ya mafundi, sikatai. Lakini mtu aendaye kazini kwa miguu, na watu wa namna hiyo ni wengi sana Nairobi, huiona barabara ile kama paa la nyumba ya mwingine: hupata kivuli, basi. Hata kwetu madaraja ya Tazara, mwaka 2018, na Ubungo, mwaka 2021, yalifungua njia panda mbili zilizokuwa mateso, lakini motokaa iliyopita upesi pale huikuta foleni yake ikiingoja mbele.

Nimesema nitalitaja lililoshindwa. Nalitaja: tulijenga njia, tukasahau mabasi.

Waliopanga njia ile ya kwanza walihesabu kwamba yatatakiwa mabasi 305. Yalianza 140. Mtu asiwe na shaka tena kwa nini watu husongamana vituoni hata mwenye mimba kusukumwa, kwa kuwa jibu li katika hesabu hizo mbili. Mwaka 2018 mabasi mengine 70 yaliletwa kwa meli, yakakaa bandarini kwa mabishano ya kodi, yakipigwa na jua na chumvi, na abiria wamesimama Kimara. Yale yaliyokuwa yakienda yalichoka, kwa kuwa lililo moja lilifanya kazi ya mawili. Na basi lililochoka bila kipuri halina tofauti na lile Ikarus la zamani. Tulifundishwa somo hilo na UDA, tukalisahau kabla wanafunzi wake hawajafa.

Njia ya pili, iendayo Mbagala, ilikuwa hivyohivyo. Ni kama kilometa 20, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Barabara ikawa tayari, vituo vikawa tayari, na watu wa Mbagala wakavitazama vikiwa vitupu, wakaendelea kupanda daladala kupitia madirishani, hata ukafika mwaka 2025. Wasomaji wa gazeti hili wanamkumbuka yule mtu wa Injili aliyetaka kujenga mnara, na shauri alilopewa la kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Sisi tuliketi kweli, tukahesabu. Lakini tulihesabu saruji na chuma, maana hivyo hufunguliwa kwa utepe na kupigwa picha. Hatukuhesabu matairi na mafuta ya mashine na mshahara wa fundi, maana hakuna mkubwa afunguaye mfuko wa vipuri kwa ngoma.

Tena liko jambo la Jangwani, nalo laniudhi kuliko yote. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko makubwa yalipita katika bonde la Msimbazi, watu wakafa, na waliookoka wakaambiwa waondoke bondeni, hapafai kukaa mwanadamu. Wengi wakapelekwa Mabwepande. Shauri hilo lilikuwa la haki. Kisha katika bonde lilelile, pale Jangwani, ikajengwa karakana na maegesho ya mabasi ya mwendokasi. Mwaka 2018 maji yakaja kama ilivyo desturi yake, yakaingia ndani ya mabasi, mengi yakaharibika, na kila mvua kubwa ikinyesha njia ya Jangwani hufungwa. Mtoto wa shule ya Jumapili aijua habari ya nyumba iliyojengwa mchangani. Nani aliyeidhinisha? Nauliza tu, sijapata kusikia mtu akijibu.

Sisi vijijini hatuna haki ya kuwacheka. Ni vijiji vingapi vilivyonunua mashine ya kusaga kwa harambee, kwa nyimbo na ubani wa mwaka mzima, kisha mkanda ukakatika, ikasimama, na wanawake wakarudia kinu? Kamati ilikuwa na fedha ya mashine, haikuwa na fedha ya mkanda. Pampu za visima ni vivyo hivyo. Hata Addis Ababa, waliojenga treni ya umeme ya mjini na kuifungua mwaka 2015, miaka haikupita mingi magari mengi yakasimama kwa kukosa vipuri, na reli yenyewe ni nzima. Hakuna mtu mwenye akili aliyesema kwamba kosa ni la reli, ing'olewe, ipandwe maharagwe.

Hapa wengine watasema, "Mwalimu, nauli haitoshi; basi haliwezi kujilisha." Huenda ni kweli. Lakini barabara ya motokaa nayo yajilisha? Daraja la Ubungo halimtozi mwenye motokaa hata senti apitapo juu yake, wala hatusemi kwamba limepata hasara. Twaliita maendeleo. Ila basi la maskini likihitaji msaada twaliita mzigo. Haya ni mizani miwili, na Biblia yasema sana juu ya wenye mizani miwili.

Na kuna moshi. Basi moja lichukuapo kazi ya motokaa 75, moshi hupungua hata kama ni basi la dizeli; lakini haifai kukomea hapo. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya la Ulimwengu walithibitisha kwamba moshi wa dizeli huleta saratani kwa mwanadamu, nao waupokeao zaidi si wapitao bali ni wakaao: mama lishe wa kituoni, mpiga debe, askari wa barabara, mtoto wa shule angojaye. Mabasi yaliyoletwa mwaka 2025 kwa ajili ya Mbagala hutumia gesi asilia, na gesi tunayo, ya Songo Songo na ya Mtwara. Ni hatua njema, masizi ni machache. Hatua ya mbele zaidi ni umeme. Bwawa la Nyerere katika mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mabasi ya umeme yalianza kuchukua abiria Nairobi tangu mwaka 2022. Basi la umeme halina moshi barabarani, na vyombo vyake vya kuharibika ni vichache. Walakini naonya tena: karakana yake isijengwe bondeni, na mafundi wafundishwe kabla mabasi hayajashuka melini, si baada.

Mwezi wa Oktoba 2025 hasira ya abiria waliochoka kungoja ilifika kwenye kurusha mawe, na mwisho wa mwezi uleule, katika ghasia za siku ya uchaguzi, vituo vya mwendokasi viliharibiwa na kuchomwa moto. Siku zile zilileta misiba mikubwa kuliko vituo, nami sithubutu kuitia katika habari za mabasi. Nasema neno moja tu juu ya vituo. Aliyerusha jiwe kwa sababu ya kuchelewa alilirusha kwa basi, na kesho yake basi likapungua moja katika yale machache. Na sasa wako wasemao kwamba hiyo ndiyo nafasi ya kuiacha njia, igawiwe motokaa, tusahau. Mimi namwona mtu huyo kama yule ambaye kiraka cha shati kimechomoka, naye ashauri akatwe mkono.

Ninalolitaka si kubwa, wala halihitaji mkopo mpya. Njia isiguswe. Pikipiki na magari ya wakubwa yasiyo na mgonjwa wala moto wa kuzima yatoke ndani yake, maana mlango ukiachwa wazi kwa mmoja mwenye cheo, kesho wataingia kumi wasio nacho. Wenye daladala wapewe kazi ya kuleta watu kutoka mitaa ya ndani mpaka vituoni, kwa mkataba na mshahara wa dereva, wasikimbizane tena. Katika kila shilingi ya nauli itengwe sehemu ya vipuri, iwekwe mahali isipoweza kuchukuliwa kwa sherehe wala kwa safari ya mkubwa.

Na jambo la mwisho ni ubao. Kanisani kwetu kila Jumapili mzee wa kanisa huandika kwa chaki hesabu ya sadaka, na ya waliohudhuria, mtu yeyote asome. Kila kituo cha mwendokasi, tangu Kimara hata Kivukoni, na tangu Mbagala hata Gerezani, kiwe na ubao kama huo, na kila alfajiri kabla ya saa kumi na mbili iandikwe: mabasi yaliyotakiwa leo ni haya, yaliyotoka karakana ni haya, yaliyobaki yamebaki kwa sababu hii. Abiria asome angali akingoja. Mwandishi wa gazeti apite, anakili. Mbunge wa bara, ambaye wapiga kura wake hushuka Mbezi na mizigo yao, naye asome, kisha aulize bungeni.